Aliyeivunja Rekodi ya Matongoro

Nchi ya Kazamwendo ipo, ila usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake ilichukuliwa kusahihishwa mwaka ule Rais alipogundua kwamba jirani amechorwa mkubwa kuliko yeye, na mpaka leo haijarudi. Watu wake ni wa kawaida tu. Wanalima, wanaoa, wanazika, na kila wiki wanaadhimisha jambo fulani.

Ulipofika mwaka wa nusu karne ya uhuru, Wizara ya Mbio, Miruko na Mirusho ikatoa waraka. Kila chuo cha mkoa kiandike historia ya riadha yake, isiyopungua kurasa themanini, yenye ushindi usiopungua kumi na mbili. Chuo kitakachoshindwa kuonyesha historia kitahesabiwa kwamba hakijawahi kuwapo, na majengo yake yatafanywa ghala la mbolea.

Chuo cha Ualimu cha Matongoro kilikuwa na mwalimu mmoja tu wa michezo, Sikudhani Lyandala. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwembamba kama ufito, asiye na mume wala mtoto. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa akienda uwanjani kila asubuhi kupuliza filimbi, watu waje wasije. Kazi ya historia akapewa yeye.

Akaandika ukweli. Ukweli ukamtosha kurasa tisa.

Aliandika jinsi uwanja ulivyopimwa kwa kamba ya katani siku ya mvua, kamba ikalowa ikajikunja, mzunguko wa mita mia nne ukatoka mia tatu themanini. Kwa miaka kumi na mmoja wanachuo wa Matongoro wakawa swala nyumbani na kobe ugenini, hadi yeye mwenyewe alipokuja na utepe wa chuma akaupima upya. Aliandika jinsi uwanja ulivyochukuliwa miaka minne kwa mazoezi ya halaiki ya kumlaki mgeni wa taifa ambaye hakuja. Aliandika jinsi viunzi vyote vya kurukia vilivyoazimwa na mkoa kufungia barabara. Na ukurasa wa tisa, wote mzima, aliuandika juu ya Yunisi Kabula, mwanachuo wa mwaka wa pili, binti wa mfyatua matofali, ambaye miezi mitatu nyuma alikimbia mita elfu tano kwa dakika kumi na sita na sekunde arobaini, akiwa amevaa viatu vya kuazima.

Siku ile Sikudhani alikuwa ameitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena. Kisha akaenda nyuma ya choo cha wanachuo akalia. Hilo hakuliandika.

Mkuu wa Chuo, Profesa Mteule Habakuki Nzowa, alizisoma zile kurasa tisa akiwa amesimama. Uprofesa alikuwa ameteuliwa miaka kumi na miwili nyuma, akawa bado anasubiri barua.

"Mwalimu Sikudhani," alisema, "hii si historia. Hii ni taarifa ya msiba."

"Ndiyo yaliyotokea, Mkuu."

"Yaliyotokea kila mtu anayo. Hata kijiji kisicho na shule kina yaliyotokea. Wizara inataka historia, maana yake yale yaliyostahili kutokea."

"Mimi sijui kuandika hayo."

Profesa Mteule akakaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na cheo. "Utajifunza," alisema kwa upole. "Usipojifunza, mwezi ujao chumba hiki kina mbolea. Wewe utapelekwa kufundisha kwingine. Yule binti yako atarudi kwao kwenye matofali, na mashindano ya taifa anaruhusiwa mwanachuo tu. Asiye na chuo hakimbii. Au kanuni zimebadilika?"

Kanuni hazikuwa zimebadilika. Sikudhani akarudi nyumbani akaketi mezani, akachukua kalamu kama mtu anayechukua dawa chungu.

Kurasa tisa zikawa tisini na mbili. Akazusha vikombe, akazusha mabingwa, akawazushia mabingwa vijiji na ndugu. Kila sura aliyoipeleka, Mkuu aliirudisha na maelezo pembeni: *ongeza shangwe*. Mwishoni akamwita.

"Hujamtaja Mheshimiwa Waziri."

Waziri wa Mbio, Miruko na Mirusho, Leokadia Tumbika, alikuwa amewahi kukaa Matongoro miezi minane enzi za usichana wake, akisoma kozi ya ukarani. Hakuacha alama yoyote chuoni ila jina lake katika orodha ya watu wasiorudisha vitabu.

"Mpe rekodi," alisema Mkuu.

"Ya mbio gani?"

"Kitu kirefu. Mtu mkubwa hawezi kumaliza shughuli yake ndani ya mita mia."

Sikudhani akaandika kwamba Leokadia Tumbika alikimbia mita elfu tano kwa dakika kumi na saba na sekunde tano. Mkuu akauliza hizo sekunde tano kazitoa wapi. Akajibu kwamba amezitoa mahali.

Kitabu kikazinduliwa. Waziri akaja na msafara, akakalishwa chini ya turubai, akasomewa ukurasa wake. Ukumbi mzima ulimwangalia yeye. Sikudhani alikuwa amesimama ukutani. Alijua mwanamke yule hajawahi kukimbia hata akifukuzwa na nyuki.

Waziri akasema, taratibu, "Nakumbuka."

Watu wakapiga makofi.

"Kulikuwa na manyunyu," aliendelea, macho yakimlengalenga. "Mzunguko wa tisa nilipata kichomi, upande huu hapa. Nikasema, Leokadia, nchi inakutazama." Akajishika ubavu, na uso wake ukaonyesha maumivu ya kweli. Sikudhani aliyaona, akaogopa kuliko kama angeona uongo.

Palepale Waziri akatangaza kwamba mashindano ya taifa ya mwaka ule yatafanyika Matongoro, kwenye chimbuko la rekodi. Na mwezi haukuisha kabla Bunge halijapitisha Sheria ya Kuhifadhi Rekodi na Malikale. Rekodi ya Mheshimiwa ilitangazwa kuwa urithi wa taifa. Mtu yeyote atakayeivunja, kuitikisa, kuipunguza au kusaidia ivunjwe bila kibali, kifungo miezi sita. Wabunge waliipitisha kwa kusimama, na mmoja aliyechelewa kusimama kwa sababu ya goti akaandikiwa barua ya kujieleza.

Wiki iliyofuata ikaja barua nyingine, kutoka Shirikisho la Mbio la Bara. Kazamwendo inaruhusiwa kupeleka mkimbiaji mmoja wa kike wa mita elfu tano kwenye michezo ya bara, ilimradi awe amekimbia chini ya dakika kumi na saba kamili, na awe na hati ya kuthibitisha yenye muhuri wa mamlaka ya nchi.

Sikudhani akaisoma mara tatu. Sheria ya nchi ilimkataza Yunisi kukimbia chini ya dakika kumi na saba na sekunde tano. Kanuni ya bara ilimtaka akimbie chini ya kumi na saba. Katikati ya hizo mbili hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha uzi. Na aliyelijenga lile boma, jiwe kwa jiwe, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, alikuwa yeye mwenyewe.

"Basi akimbie kumi na saba na sekunde sita," alisema Profesa Mteule. "Atapata nishani."

"Akikimbia hivyo haendi popote, Mkuu."

"Hata mimi sijaenda popote, Mwalimu. Na bado ninaamka."

Sikudhani akapanda basi, siku mbili njiani, hadi Ofisi ya Vibali vya Malikale. Karani alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu zake, akamkaribisha kiti akatoa fomu.

"Mnaomba kuivunja yote au sehemu?"

"Rekodi haivunjwi sehemu, mwanangu."

"Yote," karani aliandika. "Kwa sekunde ngapi?"

"Kama ishirini na tano. Labda thelathini. Inategemea upepo."

"Upepo naye atahitaji kujaza ya kwake." Hakuwa anatania. "Baada ya kuivunja, vipande vitahifadhiwa wapi?"

Sikudhani akamwangalia. "Andika kwamba vitahifadhiwa chuoni."

"Vema. Majibu ni siku tisini. Na iambatanishwe ridhaa ya mwenye rekodi."

Mashindano yalikuwa yamebaki siku kumi na nne. Akaenda kukaa kwenye benchi la wizara. Alikaa siku tatu. Siku ya tatu Waziri alipita, akamtambua kuwa ndiye mwandishi wa kitabu, akamwingiza ofisini mwenyewe kwa kumshika mkono.

Sikudhani alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, lakini yote yalimponyoka, likabaki moja. "Mheshimiwa, ule muda si wako. Ni wangu."

Waziri akamwonyesha kiti.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikimbia dakika kumi na saba na sekunde tano, nikawa wa kwanza. Mgeni rasmi alikuwa amechelewa. Alipofika wakatuambia zile hazihesabiki, tuanze upya ili naye aone. Za pili sikuzimaliza, nilianguka mzunguko wa sita. Hakuna aliyeandika chochote. Nilipoambiwa nikupe muda, sikujua kuzusha mwingine." Aliilaza mikono mapajani. "Sikudai, Mheshimiwa. Kaa nao. Naomba tu huyu mtoto aruhusiwe kupita."

Leokadia Tumbika hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliinama, akaufunika mkono wa Sikudhani kwa mkono wake uliojaa pete.

"Mwalimu wangu, si wewe wa kwanza," alisema. "Mbio zikiwa nzuri, kila aliyezisikia huona kama alizikimbia yeye. Mimi sikulaumu. Lakini kichomi kile nilikisikia mimi." Akaita msaidizi, akaagiza mwalimu apewe likizo ya kupumzisha akili mara baada ya mashindano. "Na kuhusu ridhaa, ingekuwa yangu peke yangu ningetoa leo. Sasa ni ya taifa."

Sikudhani alirudi Matongoro akiwa amekaa dirishani siku mbili bila kuona kilichokuwa nje. Alimkuta Yunisi uwanjani, peke yake, anajinyoosha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Yunisi alimsoma usoni. Akaketi kwenye nyasi akaanza kufungua kamba za viatu, akazifunga tena. "Baba anasema nirudi tu nyumbani," alisema. "Anasema matofali hayana sheria."

"Mkuu amenipa bendera ya njano," alisema Sikudhani. "Mizunguko miwili ya mwisho nitakuwa pale kwenye kona. Nikiiinua, unapunguza. Ndiyo amri."

"Utaiinua?"

Sikudhani alitaka kumpa jibu la mwalimu. "Sijui, Yunisi. Wallahi sijui."

Siku ya mashindano hotuba zilianza saa mbili asubuhi zikaisha saa nane mchana. Zilisomwa risala tano, ya mwisho ikiipongeza ya kwanza. Wanariadha walisimama juani wakati wote huo kwa heshima. Wawili wakazimia, wakahesabiwa kuwa wamejitoa. Kisha bunduki ikalia.

Yunisi alikimbia kama aliyetumwa na kuambiwa asichelewe. Mzunguko wa tatu alikuwa peke yake. Wa nane alikuwa amewazidi wa mwisho mzunguko mzima. Sikudhani, pale kwenye kona, bendera mkononi na saa shingoni, alihesabu bila kutaka. Mzunguko wa kumi alijua kwamba itakuwa chini ya kumi na sita na arobaini. Akamwona Profesa Mteule jukwaani amesimama, anapunga mkono kama mtu anayezama: inua, inua.

Yunisi akaja kwenye kona. Hakukimbia akiangalia mbele, alimwangalia yeye.

Sikudhani akaiweka bendera chini kwenye nyasi, akaikalia.

Yunisi alipokata utepe, saa ya mwamuzi mkuu wa muda ilionyesha dakika kumi na sita na sekunde thelathini na moja. Uwanja mzima watu walitafuta pa kutazama. Mwamuzi akaangalia saa, akaangalia jukwaa, akaangalia saa tena kama mtu anayemuaga mgonjwa. Kisha akaandika: kumi na saba, sita.

Vigelegele vikalipuka. Waziri akamvisha Yunisi nishani, akamnong'oneza, "Ulinikaribia sana, binti yangu."

Orodha ya wanaokwenda kwenye michezo ya bara ikatoka Jumatatu. Kwenye mita elfu tano wanawake pameandikwa: *hakuna aliyefikia*. Yunisi akaisoma ubaoni, akaenda bwenini kukunja godoro lake.

Sikudhani hakula siku tatu. Alijilaza, akaamka, akaenda uwanjani, akakuta hana pumzi ya kupuliza filimbi. Miaka ishirini na tatu alingoja mtu mmoja. Mtu huyo alikuja, akakimbia, na katika nchi nzima hapakuwa na karatasi hata moja inayosema alikimbia. Ndipo alipolifikiri lile neno, karatasi. Siku ya nne, Alhamisi, akaoga, akavaa gauni lake la mahafali, akaenda kituo cha polisi.

Zamu ilikuwa ya Koplo Mtengule, mtu mpole mwenye kitabu kikubwa.

"Nimekuja kujishtaki," alisema Sikudhani. "Nimesaidia kuvunja rekodi ya taifa."

Koplo akainua kichwa taratibu. Sheria ilikuwa mpya, na kila kituo kilikuwa kimeagizwa kikamate japo mhalifu mmoja kabla mwezi haujaisha. Matongoro hapakuwa na hata mshukiwa.

"Una uhakika, mama? Matokeo yanasema haikuguswa."

"Matokeo yameficha uhalifu, afande."

"Kwa sekunde ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Thelathini na nne," Koplo alirudia kwa sauti ya mtu anayeonja. "Mchana kweupe. Kaa hapo, mama. Usiondoke, tafadhali."

Kesi ilisikilizwa upesi, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza ya aina yake na kila mtu alitaka awemo. Mwendesha mashtaka alisimama na kueleza kwamba serikali haitavumilia kuona urithi wake unabomolewa sekunde baada ya sekunde. Mwamuzi mkuu wa muda aliapishwa, akaambiwa kwamba anayeficha uvunjaji naye ni mvunjaji. Akatoa ile saa mfukoni, na ndani yake muda ulikuwa bado umehifadhiwa. Ikawa kielelezo namba moja. Yunisi mwenyewe hakushtakiwa. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba mkimbiaji ni chombo tu kilichotumika, kama nyundo kwa mwizi, na akawa kielelezo namba mbili. Akaketishwa kando ya ile saa, na karatasi imebandikwa begani.

Aliyekuja na moto ni Profesa Mteule Nzowa. Alihofia kuunganishwa kwenye shtaka, kwa hiyo hakubakiza kitu.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "niliona kwa macho yangu haya. Dakika kumi na sita na sekunde thelathini na moja, wala si zaidi. Mizunguko kumi na miwili na nusu, nilihesabu. Uwanja umepimwa kwa utepe wa chuma, mita mia nne kamili. Hakuna mtu anayeweza kusema ulikuwa mfupi. Upepo haukuwapo. Ulikuwa uvunjaji safi ambao sijapata kuuona maishani."

Karani wa mahakama akayaandika yote. Sikudhani kizimbani alifumba macho akasikiliza. Ndiyo hotuba nzuri kuliko zote zilizowahi kutolewa juu ya riadha ya Matongoro.

Hakimu akasoma hukumu. Mahakama imeridhika, pasipo shaka yoyote, kwamba siku hiyo, mahali hapo, Yunisi Kabula alikimbia mita elfu tano kwa muda uliotajwa, na kwamba mshtakiwa aliwezesha jambo hilo kwa kuikalia bendera. Kifungo miezi sita. Kazi ameipoteza. Jina lake lifutwe kwenye kitabu.

"Una la kusema kabla hujapelekwa?"

"Naomba nakala ya hukumu, Mheshimiwa. Yenye muhuri."

Hakimu akashangaa. "Unataka kukata rufaa?"

"Hapana. Nimeridhika nayo."

Nakala akampa Yunisi palepale mlangoni pa mahakama, mbele ya askari, na kumwambia aipeleke wapi. Ofisi ya michezo ya taifa ilijaribu kuikataa, lakini wanasheria wake wakaonya kwamba kubisha hukumu ya mahakama nako kunahitaji kibali, na vibali ni siku tisini. Wakaifunga kwenye bahasha wakaituma. Shirikisho la Bara likajibu kwamba halijawahi kupokea uthibitisho wa muda uliofanyiwa uchunguzi wa kina namna ile.

Mwezi wa pili wa kifungo, Yunisi akaja gerezani. Walikutana penye dirisha la waya, askari wa kike amekaa pembeni anasuka mkeka. Sikudhani alikuwa amezidi kukonda, na kikohozi cha vumbi la karanga walizokuwa wakizibangua kilikuwa kimemkaa kifuani. Yunisi alimtazama mara moja, akainamisha uso.

"Tunaondoka kesho," alisema. "Mwalimu, siwezi. Nitakimbiaje wewe ukiwa humu? Nimekuja kukuambia siendi."

"Utakwenda."

"Nitangoja utoke. Miezi minne si mingi. Nitaomba mwakani."

"Mwakani watakuwa wametunga nyingine." Sikudhani alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Sikiliza, Yunisi. Sikuingia humu kwa ajili ya kukupenda, usije ukabeba mzigo huo mwilini, utakulemea mzunguko wa saba. Niliandika uongo kurasa tisini na mbili. Nimekaa hapa kwa ajili ya sentensi moja ya kweli. Ni bei nzuri."

Yunisi alilia bila sauti. Askari wa kike akaacha kusuka, akajifanya anatafuta ukindu.

"Wakimbiaji wa huko ni wakali, Mwalimu. Nimeona muda wao. Wapo wa dakika kumi na tano na nusu. Huenda nikawa wa mwisho."

"Huenda."

"Halafu?"

"Wataandika wa mwisho," alisema Sikudhani. "Wataandika jina lako, na muda wako, kama ulivyo."

Yunisi akajifuta uso kwa kiganja. Akaweka vidole kwenye waya, na mwalimu wake akaviweka vyake upande wa pili, hadi askari alipoinuka kusema kwamba muda umekwisha.